Siku Niliyompima Baba Mdogo

Mama mdogo alinipigia simu Jumamosi asubuhi, akaniomba nipande mlimani Igogo na kile kidude changu cha kupimia umeme ili nikampime marehemu mume wake. Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile anayoniagizia vitunguu nikipita sokoni. Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nimpime nani, mama?"

"Baba yako mdogo. Yupo hapa bombani. Njoo uniambie ni yeye au ni mambo ya watu. Kama ni yeye sina neno, nitakaa naye. Kama ni watu, nafunga nyumba nahamia kwa shangazi yako."

Mimi ni fundi umeme. Nafanya kazi katika kiwanda kimoja kule Nyakato, na kazi yangu ni mota: zikiungua nazifungua, zikipona nazirudisha. Nina hasira za karibu, mke wangu halifichi jambo hilo, na hakuna kinachonipandisha mori upesi kama mtu kuchanganya umeme na mashetani. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo friji ilikuwa imeombewa siku tatu. Sehemu kubwa ya majini ya mji huu ni nyaya zilizochubuka. Lakini baba mdogo ndiye aliyenishika mkono nikaijua kazi hii, na mama mdogo ndiye aliyenipikia miaka yote niliyokuwa najifunza. Nikabeba mfuko wangu wa kazi kutoka Buswelu, nikaenda.

Nyumba yao iko juu kabisa, pale njia ya gari inapokoma na ngazi za mawe zinapoanza. Sisi tunajenga hivyo: jiwe halisogei, basi nyumba inakaa juu yake. Uani kwao sakafu ni mwamba mtupu, umelainishwa na maji ya vyombo ya miaka mingi. Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Siku ile jua lilitoka kali, mawe yakaanza kufuka mvuke, na chini kule wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi mweusi, wakija huku kwetu polepole. Majirani walikuwa wamefunga madirisha mapema wasiingiliwe. Hapakuwa na sauti ya redio wala ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umewahi, bado hajaja."

Alikuwa amevaa kitenge cha kuendea misa na amejipaka mafuta miguu, Jumamosi, nyumbani, peke yake. Jambo hilo lilinisumbua kuliko maneno yake.

Akanikalisha kwenye kigoda, akanisimulia. Baba mdogo alikuwa ametimiza mwaka mmoja na miezi kadhaa kaburini. Baada ya misa ya arobaini, mama mdogo alikuwa anafungua bomba la uani asuuze sufuria, akahisi kitu kikimkuna kiganjani, kidogo tu, kama ukucha. Hakushtuka. Akaniambia bila haya kwamba mumewe alikuwa na mchezo huo kanisani: mahubiri yakirefuka, anamshika mkono chini ya kitabu cha nyimbo na kumkuna kiganja ili asisinzie. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua jambo lile. 

Alimweleza shangazi yangu, dada wa marehemu, na shangazi akaja kutoka kijijini. Alisema ndugu yake ana kiu na anataka kutambuliwa. Kwa ukoo wetu, mkubwa aliyetangulia humiminiwa maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, na anayemimina huvua viatu, kwa sababu mkubwa hasalimiwi kwa viatu. Basi kila mchana mama mdogo alikuwa anatoka peku na bakuli lake, anamimina kwenye shina la bomba, na mkono wa kushoto ameshika koki, anamwambia habari za nyumbani. Siku nyingine anamkuta. Siku nyingine hamkuti.

"Tangu mvua zianze amekuwa na nguvu," akasema. "Juzi alinishika mpaka vidole vikakataa kufunguka. Nikamwambia jamani niachie, mboga inaungua. Hakuniachia. Alipotosheka ndiyo akaniachia."

Alinionyesha kiganja. Hakikuwa na alama yoyote. Lakini mimi baridi iliniingia mgongoni, maana najua ni kitu gani kinachofunga vidole vya mtu visifunguke.

Nikatoa mita. Ni ya kidijitali, ya kawaida, ina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zenye ncha za chuma, na kioo kidogo kinachoandika namba. Watu wanadhani mita inasema kweli wakati wote. Mita inajibu swali uliloiuliza tu, na kanuni ya kwanza niliyofundishwa na baba mdogo mwenyewe ni kwamba kabla hujaiuliza usilolijua, iulize unalolijua. Nikaanza na soketi ya jikoni. Volti mia mbili thelathini na moja. Vizuri, ina akili zake. Nikaenda bombani. Nikachomeka msumari kwenye ufa wa mwamba wenye tope, nikaubana kwa waya mweusi, na ule mwekundu nikaubana kwenye koki.

Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Kumi na saba. Namba ilikuwa inacheza, haitulii.

Sasa, mita hizi za kidijitali ni wambea. Zinanasa hata umeme wa waya uliopita mbali na kitu unachokipima, zinauandika kiooni kana kwamba upo. Mimi nauita umeme hewa, kama wale watumishi hewa: jina kwenye orodha lipo, mtu hayupo. Dawa yake ni balbu ya zamani, ile ya uzi. Unaiunga hapo hapo, na umeme wa uongo ukipewa kazi ya kuifanya unatoweka. Nikaunga balbu. Namba ikaanguka hadi sifuri.

"Mama, hapa hakuna kitu," nikasema. "Ni umeme hewa."

"Si nimekuambia bado hajaja?"

Hapo nikakasirika. Nikampa hotuba. Nikamwambia habari za umri, za presha, za mishipa ya mkono, za watu wanaokaa peke yao na mawazo. Nilisema maneno ambayo kijana hamwambii mama yake, na nilikuwa nimepunguza sauti ili yaonekane ya upole. Aliyasikiliza yote. Halafu akaniletea kikombe cha uji, akaingia jikoni, akaniacha uani na mita yangu. Balbu nilishaiondoa. Nyaya niliziacha zimebana pale pale, si kwa sababu ya hekima, ni uvivu wa kuinama.

Kengele ya kanisa la chini ilipiga ya saa sita. Wadudu wa ziwani walikuwa wameshafika, wanajaa kwenye ukuta bila mlio. Nilikuwa naitazama mita kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Hakuna mtu aliyegusa swichi. Namba ilikuwa kumi na nane, ikawa tisini na nne. Haikupanda. Ilikuwa hapa, ikawa pale, na pale ikatulia.

Ndani jikoni vifuniko vya sufuria vikaanza kutetemeka kwenye rafu, tititi, taratibu. Mama mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Amefika."

Nina miaka ishirini na zaidi kwenye kazi hii, na nasema kweli, kwa muda wa pumzi mbili niliamini. Nilitaka kumwamkia. Neno shikamoo lilikuwa limeshafika mdomoni.

Mama mdogo akatoka. Peku, bakuli mkononi, miguu inang'aa mafuta, anakanyaga mwamba uliolowa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kufungua mlango.

"Usiguse, mama."

"Sogea, baba, tusimcheleweshe."

"Mama, usiguse. Leo hutaachiwa."

Hakusimama. Mimi sijawahi kumshika mama mdogo ila kwa salamu, na kwetu mtu mzima hazuiwi njia. Nilimshika kitenge kwa nyuma, kiunoni, nikamvuta kama mtu anayezuia mbuzi. Bakuli likamtoka. Maji ya mtama yakamwagika juu ya mwamba, meupe, yakateremka yenyewe hadi kwenye shina la bomba. Yalipofika, namba kwenye kioo ikashuka kutoka tisini na nne hadi themanini na moja, ikatulia hapo. Fundi atakuambia kwamba mwamba ukilowa umeme hupata njia ya kushukia. Naijua sababu hiyo. Lakini nilichokiona siku ile ni mtu aliyepewa kinywaji na kukipokea.

"Unanishika mimi?" akasema. Hakupandisha sauti. "Mbele yake?"

Sikumwachia. Tulikaa hivyo, yeye akitazama bomba, mimi nikitazama mita, vifuniko vikilia jikoni. Sijui ni dakika ngapi. Kisha vifuniko vikanyamaza, na namba ikarudi kumi na tisa.

"Ameondoka," akasema, akajinasua, akaingia ndani na kufunga mlango wa jikoni.

Nilibaki uani nikiyarudia maneno yake. Kitu kinachokuja na kuondoka chenyewe, kinachotosheka. Alipotosheka akaniachia. Ni nini kinachotosheka kwenye nyumba? Nikainua macho, nikaliona tanki la maji juu ya paa.

Pampu. Chini ya nyumba, hatua kama arobaini za mawe, kuna pango dogo kati ya miamba miwili ambako wamejenga kisima cha kukingia maji, na humo baba mdogo alifunga pampu ya kupandisha maji kwenye tanki. Inajiwasha yenyewe tanki likipungua, inajizima likijaa. Mlio wake haufiki juu. Kinachofika ni mtetemo tu, kupitia bomba la chuma linalopita ukuta wa jikoni nyuma ya rafu ya vyombo.

Nikateremka. Pangoni kulikuwa na unyevu wa kunuka na matone yanaanguka kwenye pampu, moja moja. Nikaichomoa. Nikageuza mita upande wa ohmu, wa kupima kama vitu viwili vinapitishiana umeme, nikaweka ncha moja kwenye mguu wa plagi unaoingiza umeme na nyingine kwenye mguu wa athi, ule wa kwenda ardhini. Kwenye pampu iliyo nzima miguu hiyo miwili haipaswi kujuana kabisa. Hii ilijuana. Maji yalikuwa yameingia ndani ya mota, na umeme ulikuwa unavuja, unapanda na bomba mpaka uani, kwenye koki, kwenye mkono wa mama mdogo.

Hilo nililielewa mara moja. Lililobaki ndilo nililochelewa kulielewa. Umeme ukivuja namna hiyo haupaswi kumngoja mtu. Kila nyumba ina waya wa athi unaoishia kwenye rodi ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ili umeme uliopotea njia uzame huko. Nikapanda tena, nikazunguka nyuma ya jiko. Kichwa cha rodi kilikuwepo, kimesimama vizuri kwenye saruji, na waya wake umefungwa safi kwa mkono ninaoujua. Nikajaribu waya kutoka upande mmoja hadi mwingine, mita ikalia mlio wake wa kukubali. Nikamwambia mama mdogo kupitia mlangoni asiguse chochote. Nikaufungua waya kwenye rodi, halafu nikapima kati ya umeme wa soketi na rodi peke yake: mia mbili thelathini. Ungedhani kila kitu ni sawa. Nikaunga balbu ya uzi hapo hapo. Balbu haikuwaka. Hata uzi haukuwa mwekundu.

Nikakaa chini, kwa sababu nilikuwa najua. Sikuwa nimesahau, nilikuwa tu sijalifikiria tena.

Mwaka ule wanajenga, tulikuwa wawili, yeye na mimi. Tulipigilia rodi ile nyuma ya jiko, ikazama kiasi cha shibiri, ikagonga mwamba na kulia kama kengele. Tukahamia pembeni, ikalia tena. Mahali pa tatu vilevile. Baba mdogo akacheka, akachukua msumeno wa chuma. Mimi niliishika rodi isicheze, yeye akaikata, ikabaki kipande cha urefu wa kiganja na kichwa chake. Tukakitia kwenye saruji. "Rodi haina haja ya kwenda kuzimu," aliniambia. "Ionekane tu." Nani angekuja kuichimba? Mafundi wote wa milima hii wanaijua dawa hiyo, na si nyumba moja tuliyoifanyia. Njia ya haki ni kuuburuta waya mpaka chini kwenye udongo, na alisema tutarudi siku moja tufanye hivyo. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe. Alimlaza mke wake miaka yote katika nyumba yenye rodi ile.

Mama mdogo alifungua mlango akanikuta nimekaa pale. Ningeweza kumwambia pampu imeharibika, basi. Ingekuwa kweli, na marehemu angebaki na heshima yake. Lakini aliniita nimpe jibu, na nilikuwa na hasira, safari hii si juu yake.

Nikamweleza yote, pampu na rodi na msumeno, na nani alishika na nani alikata. Alisikiliza amesimama, mkono juu ya shavu.

"Kwa hiyo si mambo ya watu."

"Hapana, mama."

"Ni yeye."

"Ni yeye," nikasema. "Na mimi."

"Na angeniua."

"Leo au kesho. Juzi tanki lilijaa mapema, ndiyo umepona."

Akatikisa kichwa polepole. "Hakuwa anajua," akasema, na sikujua kama anauliza au anamtetea. Katika kazi yetu ile, kutokujua si udhuru.

Mchana wote nilifanya kazi. Pampu niliifungua kabisa, nikaitoa pangoni. Nilishuka mjini kununua waya wa shaba na rodi mpya, nikarudi, nikauteremsha waya hatua zote arobaini na zaidi mpaka kwenye migomba inakopita mifereji ya mvua, nikachimba mtaro, nikaulaza humo, na mwisho wa mtaro nikapigilia rodi. Ilizama yote. Mama mdogo alikaa kwenye ngazi akinitazama, akinipungia wadudu kwa kanga. Nilipomaliza niliunga balbu kati ya umeme na rodi mpya, ikawaka nyeupe mchana kweupe. Nikafunga kila kitu mahali pake. Nikabana tena mita kwenye koki: sifuri, na sehemu ndogo nyuma ya nukta.

"Naweza kugusa sasa?"

"Unaweza, mama. Hata peku."

Akavua kandambili. Aliweka mkono wa kushoto kwenye koki, ule ule, akasimama. Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa, bado kuna mwanga mwingi. Alingoja. Nilimwona anabadilisha vidole, anashika juu kidogo, chini kidogo, kama mtu anayetafuta mtandao kwenye simu. Akaegemeza paji la uso kwenye bomba. Nilitazama kioo cha mita kwa sababu sikuweza kumtazama yeye, na nitasema jambo ambalo sijamwambia fundi mwenzangu yeyote: niliomba namba ipande. Kidogo tu, hata tatu, hata mbili. Haikupanda.

"Basi amekufa," akasema mama mdogo.

Akaanza kulia. Si machozi ya kufuta na kanga. Alipiga yowe la msiba, lile la kuwaita watu, ambalo hakulipiga siku tulipomzika mume wake, akaanguka magotini juu ya mwamba bado ameshika bomba. Mimi nilisimama na bisibisi mkononi. Nilijiona ndiye niliyemuua baba mdogo, saa hiyo hiyo, mbele ya mkewe, na kwa namna fulani bado najiona hivyo.

Madirisha yakafunguka. Wanawake walipanda mbio kutoka nyumba za chini, wanajifunga kanga kiunoni njiani kama inavyopasa, na wa kwanza kufika, mama mmoja jirani wa siku nyingi, akanishika bega.

"Nani amefariki?"

"Baba mdogo," nikasema.

Alinitazama. Yeye mwenyewe alikuwepo tulipomzika, alipika chai ya matanga yale. Akamtazama mama mdogo pale chini, akaitazama mita inayoning'inia kwenye koki. Akavua viatu vyake, akaketi kwenye mwamba uliolowa, akamshika mwenzake mabegani na kulia naye, na wale wengine, walipokuwa wanafika, nao wakaketi.